Shaba kwenye Keria

Nasema mapema ili msomaji asije akashangaa: hapa najisifu. Wenzangu wakikumbuka miaka ile ya Ujamaa hukumbuka foleni za sukari na sabuni. Foleni nilipanga na mimi, tena nyingi, miguu ikavimba. Lakini mtu akiniuliza nilikuwa nani wakati ule, sitamjibu kwamba nilikuwa mpanga foleni. Nilikuwa fundi wa keria, vile vichanja vya kubebea mizigo juu ya paa za magari, pale mtaa wa Gerezani, mwanamke peke yangu kwenye benchi la chuma, na keria nilizofunga mimi zilivuka Rufiji kwa kivuko na kurudi na mizigo ambayo wanaume wanne wangeinyanyua kwa kuguna.

Karakana yetu ilikuwa banda la mabati karibu na reli, mali ya ushirika wa mafundi. Treni ikipita, spana zilizotundikwa ukutani zilicheza. Mwenyekiti wetu alikuwa mshonaji wa viti vya magari, mtu wa maneno machache na kalamu mbili mfukoni. Benchi la chuma lilikuwa chini ya mzee mmoja wa Lindi, aliyefika mjini akiwa kijana, akafanya kazi bandarini, akajifunza chuma kwa kuwatazama wanaokijua. Sote tulimwita Mzee. Mimi niliingia pale kama mpika chai. Siku moja mguu wa jiko langu ulipinda, nikaubana kwenye jiliwa la benchini na kuunyoosha kwa nyundo bila kuomba ruhusa. Mzee alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Nani kakufundisha?"

"Hakuna, Mzee."

"Basi kuanzia kesho chai atapika mwingine."

Mafundi wengine walininunia miezi kadhaa, hasa baada ya kuonja chai ya huyo mwingine.

Wakati huo hukuweza kwenda dukani ukanunua keria. Mwenye gari alileta gari, sisi tukahangaika kutafuta cha kumtengenezea. Tulipata shehena ya mabomba ya alumini yaliyokuwa yakinyunyizia maji kwenye shamba moja la miwa, na Mzee aliyanyanyua kwa mkono mmoja akacheka peke yake. Hayalemei paa, hayapindi ovyo, hayashiki kutu. Shida ilikuwa vya kuyafungia. Bolti mpya zilikuwa hazionekani, na zile tulizofungua kwenye malori mabovu zilishaanza kuota kutu tangu huko.

Hapo ndipo akili yangu ikanituma. Kwa wauza vyuma chakavu, hatua chache kutoka kwetu, kulikuwa na nyaya za umeme za zamani, kila waya mnene kama penseli, ndani ya gamba lake jeusi la plastiki. Ukilichuna lile gamba unapata shaba nyekundu, safi kabisa. Nilimwambia Mzee: shaba haishiki kutu, alumini haishiki kutu. Tuikate shaba vipande, tuvipitishe kwenye matundu ya keria, tuviponde vichwa huku na huku viwe ribiti. Kutu itapita wapi?

Mzee alikigeuzageuza kipande cha shaba kiganjani. "Binti," akasema, "umefikiri."

Neno hilo lilinitosha wiki nzima. Nilichuna nyaya hadi vidole vikaota malengelenge, yale magamba ya plastiki nikayatupa nyuma ya banda, na tukafunga keria ya kwanza kwenye gari la kliniki ya mama na mtoto lililokuwa likienda vijijini njia ya kusini. Ilipendeza, jamani. Vichwa vya shaba juu ya alumini nyeupe viliwaka jua likivipiga, madereva wakaviita vifungo vya dhahabu, na ndani ya miezi michache tukafunga nyingine sita. Dereva wa kliniki, mtu wa Kilwa, mrefu hadi alikuwa akiinama kuingia bandani, alivisugua vifungo vyake kwa majivu na limau kila Jumamosi. Alivipenda kuliko gari lenyewe.

Mwaka haujaisha, dereva huyo alirudi na keria ndani ya gari badala ya juu yake. Ilikuwa imeng'oka kwenye mashimo ya barabara ng'ambo ya mto. Masanduku ya dawa yalipasuka, mizani ya kupimia watoto ikapinda, na mtu aliyekuwa nyuma ya gari kwenye baiskeli alijirusha kichakani ili isimwangukie. Alitoka na mikwaruzo tu.

Ushirika wetu ulikuwa na desturi yake. Kazi ikirudi imeharibika, iliwekwa katikati ya banda, wanachama wakakaa kuizunguka, na mwenyekiti akauliza ni kazi ya nani. Hakuna aliyeruhusiwa kumtaja mwenzake. Mwenye kazi alisimama mwenyewe, na asiposimama watu walikaa pale pale, kimya, hata kama ni hadi jioni. Niliona watu wazima wakitokwa jasho katika kimya hicho.

Mwenyekiti aliuliza. Nilikuwa na nia ya kusimama, hilo naliapia. Nilishaweka mkono chini ili nijinyanyue. Mzee akasimama kabla yangu.

"Ni yangu," akasema.

Mwenyekiti alinitupia jicho. "Mzee, hizi ribiti za shaba lilikuwa wazo lako?"

"Benchi ni langu. Kazi ya benchi ni yangu."

Wanachama waliamua kwamba hadi mkutano wa mwezi unaofuata Mzee asiguse kazi, na siku hiyo ndipo ingeamuliwa kama atarudi benchini au aondoke moja kwa moja. Wakampa kigoda getini na debe la misumari iliyopinda, awe anachagua inayofaa kunyooshwa. Mtu aliyewahi kuunga mabomba ya meli! Kwa umri wake, karakana gani nyingine ingempokea? Kila asubuhi nilipita mbele yake. "Shikamoo, Mzee." "Marahaba, binti." Alinijibu kama siku zote, na hilo ndilo lililonichoma.

Nami nikakaa kimya. Nilijiambia kwamba shaba haina kosa, kwamba dereva alizidisha mzigo, kwamba barabara ile ingeng'oa hata meno ya mtu. Lakini chini ya yote hayo kulikuwa na woga. Nilijua nikisema wazo lilikuwa langu, siku mwanamke mwingine akija kuomba spana ataambiwa kwamba wa kwanza alishaangusha keria barabarani. Basi nikawa na hasira na dereva, na mwenyekiti, hata na Mzee mwenyewe kwa kunitangulia kusimama. Niligombana na watu kwenye foleni ya mafuta ya taa, niligombana na muuza nazi. Aliyestahili hasira hiyo alikuwa mmoja tu, nami nilimwogesha na kumvika nguo zangu kila asubuhi.

Nilikuwa nimepanga chumba Kariakoo, Mtaa wa Sikukuu, nyumba ya vyumba sita na ua mmoja ambamo sote tulipikia. Jumapili ya wiki ile ya kwanza nilikuwa napika samaki wa ukwaju. Niliishika sufuria niitelue motoni, mkono mmoja wa sufuria ukabaki kwangu na mchuzi wote ukaenda chini. Sufuria ilikuwa ya alumini, na mkono huo ulikuwa umerudishiwa na fundi mmoja wa sokoni kwa ribiti mbili za shaba. Nilifungua kinywa nimtukane fundi yule. Kisha nikaona tundu.

Lilikuwa limepanuka, kingo zake zimelika, na kuzunguka pale palikuwa na unga mweupe uliopukutika nilipougusa. Ribiti yenyewe ilikuwa nzima, haina hata mkwaruzo. Nikautazama mkono wa pili wa sufuria, ule uliotoka nao kiwandani kwa ribiti za alumini. Ulikuwa umekaza vilevile.

Unga ule nilishauona. Ulikuwa kwenye matundu ya keria iliyoanguka, na nilipoufuta kwa kitambaa nilidhani ni chumvi, kwa sababu gari la kliniki lilikuwa likirudi kutoka kusini na magunia ya chumvi na ya ngonda, samaki waliokaushwa, juu yake, yakivuja njia nzima. Nilikaa chini hapo hapo kando ya mchuzi nikaanza kucheka.

Jirani yangu wa chumba cha pili alinitazama kwa huruma. "Samaki wako anagaragara mchangani," akasema, "na wewe unacheka na sufuria. Unaumwa?"

Nilimwambia samaki amchukue yeye, amwoshe ale. Hakungoja niseme mara mbili.

Kesho yake nilikwenda Feri na galoni nikachota maji ya bahari. Nilikata vipande vya alumini kutoka kwenye ile keria mbovu, nikatafuta chupa nne za jamu. Ya kwanza nilitia kipande kitupu. Ya pili, kipande chenye ribiti ya shaba. Ya tatu, kipande kilichofungwa bolti ya chuma. Ya nne, bolti ya chuma pia, lakini nimeiwekea washa za mpira pande zote mbili, visahani vyenye tundu nilivyovikata kwenye tyubu kuukuu ya lori. Asubuhi nilivitumbukiza vipande, mchana nilivitoa vikauke, kisha nikavitumbukiza tena. Chupa nilizipanga chini ya benchi.

"Achari inaiva lini?" mafundi wakauliza.

"Ikiiva mtaonja nyinyi kwanza," nikawajibu.

Hazikufika wiki mbili. Kipande kitupu kilififia kidogo tu. Kile cha bolti ya chuma kilianza kuota unga. Na kile cha shaba, ile shaba yangu nzuri isiyoshika kutu, kilikuwa kimekwisha hali, alumini imechimbika kuzunguka ribiti hadi nikaweza kuitikisa kwa kidole. Nilizibeba chupa hadi getini, nikaziweka chini mbele ya debe la misumari.

"Mzee, ni shaba. Inaila alumini."

Alikichukua kipande, akakitazama muda mrefu. Halafu akajipiga paji la uso kwa kiganja. Bandarini, akaniambia, meli zilizopandishwa kupakwa rangi zilikuwa na mabonge ya madini meupe yamefungwa kwenye chuma karibu na feni ya shaba inayosukuma maji. Kila mara yale mabonge yalikutwa yamelika, yakawekwa mapya. Aliwahi kuuliza kwa nini, akaambiwa ni kama betri: madini mawili tofauti yakigusana kwenye maji ya chumvi, umeme unapita kati yao na moja lazima liliwe. Wenye meli walifunga yale meupe makusudi, yaliwe yenyewe, chuma cha meli kipone.

"Nimeyafunga kwa mikono yangu," akasema. "Mara ngapi! Na nikakuachia utie shaba kwenye alumini."

"Wazo lilikuwa langu, Mzee."

"Na macho yalikuwa yangu."

Niliondoka pale nikiwa nimeshaamua kwamba mkutanoni nitasema yote. Lakini kusema tu kusingetosha. Mtu akiungama kosa bila kuleta dawa yake, watu wanabaki na kosa tu. Na dawa niliyoitegemea, chupa ya nne yenye washa za mpira, ilinisaliti. Chini ya kichwa cha bolti alumini ilikuwa safi, lakini nilipoichomoa bolti nilikuta tundu lenyewe limeota unga ndani. Nilikasirika hadi nikataka kuivunja ile chupa. Ilinichukua siku mbili kuona jambo la wazi kabisa: mpira ulizuia kichwa na nati, lakini kiwiliwili cha bolti kilikuwa kinagusa ukuta wa tundu.

Ilihitajika soksi ya kuivalisha bolti. Nilijaribu mpira wa tyubu, ukakunjika. Nilijaribu karatasi iliyopakwa grisi, ikachanika. Nikakumbuka yale magamba ya plastiki niliyoyatupa nyuma ya banda nilipokuwa nachuna shaba. Nilikwenda kuyachakura kwenye majani kwa mikono miwili, na fundi mmoja akauliza nimepoteza hereni. Gamba liliingia kwenye bolti kwa kubana kidogo, sawasawa na nilivyotaka. Nilichoka kabisa nilipotambua kwamba miezi yote ile nilikuwa nikifunga kwenye keria kitu kinachoziua na kutupa kile ambacho kingeziponya. Nilipanua tundu, nikatia bolti na soksi yake, washa za mpira huku na huku, nikaiweka chupa ya tano majini. Zilikuwa zimebaki siku kumi hadi mkutano.

Siku ya mkutano keria ilikuwa katikati ya banda. Nilizipanga chupa zangu tano kando yake. Mwenyekiti alimuuliza Mzee kama ana la kusema, na Mzee akaanza kujinyanyua kutoka kwenye kigoda.

"Naomba ukae, Mzee," nikasema, nikasimama mimi. "Ndugu wanachama, shaba niliileta mimi. Mzee aliniamini. Kazi hii ni yangu."

Fundi wa redieta akaniuliza taratibu, "Kwa hiyo ulimwacha mzee wa watu akae getini mwezi mzima?"

"Ndiyo."

Sikutafuta maneno ya kuipamba ile ndiyo. Aibu yake ninayo hadi leo, na kwa kuwa nimesema hapa najisifu, naiandika pamoja na sifa zangu. Baada ya hapo nikafungua chupa moja baada ya nyingine, vipande vikapita mkononi mwa kila mtu. Wale waliokuwa wakiniuliza habari za achari waliviinua kwenye mwanga. Kipande cha tano kilipofunguliwa, tundu lilikuwa safi kama siku nilipolitoboa. Mwenyekiti alikishika kile muda mrefu kuliko vingine.

Nilitegemea kufukuzwa. Wanachama walimrudisha Mzee benchini siku ileile, kisha wakanipa adhabu yangu: nizitafute zile keria sita nyingine, niitoe shaba yote, nifunge upya kwa namna yangu mpya, na kila mwenye gari nimweleze kwa kinywa changu kwamba kosa lilikuwa langu. Nilifanya hivyo kwa wote sita. Mwenye duka mmoja wa Upanga alikataa kabisa nisimwondolee vifungo vyake vya dhahabu. Nilichukua msumari nikaubonyeza kando ya ribiti moja, ukazama kwenye unga hadi kichwani. Akaenda kuniletea kiti na soda.

Gari la kliniki tulilitengenezea keria mpya. Bolti kuukuu nilizikwangua hadi zikang'aa, nikazipaka rangi nyekundu ya kuzuia kutu mara mbili, nikazivalisha soksi, mpira huku na huku, washa ya chuma juu ya mpira, nati, na grisi kufunika vyote. Nilikaza hadi mpira ulipoanza kutuna pembeni, nikaacha. Haikuwa na uzuri wa ile ya kwanza. Dereva aliizunguka mara mbili, akauliza vifungo vyake viko wapi. Nikamwambia majivu yake na limau zake akapikie.

Ilikwenda kusini masika nzima. Iliporudi, na madoa ya chumvi kuanzia mbele hadi nyuma, Mzee alimsimamisha dereva mlangoni kabla hajazima injini. Akapanda juu ya paa mwenyewe, na miguu yake ile ya kizee, akachagua bolti iliyokuwa chini kabisa ya yalipokaa magunia. Karakana nzima ilitoka nje, hata mwenyekiti na sindano yake mkononi. Mzee alifungua nati, akaichomoa bolti, akaingiza kidole kwenye tundu akakizungusha. Alipokitoa kilikuwa na grisi tupu. Nilipanda kutazama. Mikwaruzo ya drili yangu bado ilikuwa inang'aa ndani ya ile alumini.

"Mzee," dereva akaita kutoka chini, "safari hii umefunga kazi. Mikono yako haijazeeka."

"Mikono ipi?" Mzee akajibu, kwa sauti ambayo kila mtu pale aliisikia. "Mimi nilishika spana tu. Kazi hii ni ya huyu."

Ile iliyoanguka, mbele ya watu walewale, alisema ni yake. Alinipa bolti, akashuka. Niliirudishia mwenyewe, na nilichukua muda mrefu kuliko bolti moja inavyohitaji, maana watu wote walikuwa chini wakinitazama na sikutaka wauone uso wangu.